Faili mbili ndogo na kosa langu kubwa

Najua nimepotea. Kazi zimekuwa nyingi, na kusema kweli kulikuwa na jambo moja ambalo sikutaka kuliandika kwa sababu linaniaibisha. Leo naliandika. Kama unamiliki tovuti, hata iwe ndogo namna gani, soma hadi mwisho. Kama wewe ni fundi wa tovuti kama mimi, soma mara mbili.

Kuna mzee mmoja wa pwani aliyenifundisha Kiswahili nikiwa kidato cha pili. Amestaafu sasa. Wenzake wakikaa barazani kunywa kahawa, yeye alianzisha tovuti. Anaandika habari za minazi, mihogo na korosho, bei za sokoni, na ana sehemu ya insha na mashairi ya wanafunzi. Ana vijana wawili wanaomsaidia, na posho yao hutoka kwenye matangazo yanayoonekana pembeni mwa kurasa. Si pesa za kujengea ghorofa. Zinatosha posho, bando na ada ya seva, basi. Mimi ndiye fundi wake, bila malipo. Mwalimu hatozwi.

Mwaka jana niliamua kumtengenezea tovuti mpya, nyepesi, inayofunguka haraka kwenye simu. Niliijenga pembeni kwenye anwani ya majaribio, na usiku wa Ijumaa mmoja nikaihamisha kwenye anwani yake halisi. Nikaifungua, ikapendeza. Nikalala usingizi mzuri.

Wiki ya tatu Mwalimu akanipigia simu. Baada ya shikamoo na marahaba akaniuliza, "Mwanangu, watu wameenda wapi?"

Nikamjibu bila kuangalia chochote. "Ni msimu tu, Mwalimu. Shule zimefungwa. Tena Google hubadilisha mitambo yao kila mara."

"Haya," akasema. "Wewe ndiye mjuzi."

Wiki mbili baadaye akapiga tena. Safari hii hakuuliza kuhusu watu. Alinieleza kwamba yule binti aliyekuwa akikusanya bei za sokoni ameacha kazi, amepata nafasi kwenye duka la M-Pesa mjini. "Sikuwa na la kumlipa," akasema. Sauti yake haikuwa na lawama, na hilo lilinichoma zaidi.

Usiku huo ndipo nilipofungua tovuti yake na kuandika mwishoni mwa anwani maneno haya: /robots.txt. Nikakuta mistari miwili tu:

User-agent: *
Disallow: /

Kwa Kiswahili cha kawaida: roboti zote, msiingie popote. Nilikuwa nimeiweka faili hiyo kwenye tovuti ya majaribio ili isionekane na injini za kutafuta kabla haijakamilika. Kisha nikaihamisha pamoja na vitu vingine vyote. Kwa wiki tano nzima tovuti ya Mwalimu ilikuwa ikiwafukuza wageni mlangoni, kwa maandishi yangu mwenyewe. Nilipoitafuta kwenye Google, kurasa chache zilizobaki zilionyesha kichwa tu bila maelezo yoyote chini yake. Nyingine zilikuwa zimetoweka.

Nikairekebisha hapo hapo. Ungedhani hadithi imeisha. Haijaisha, subiri.

Kwanza tuelewane: faili hii ni nini?

Injini za kutafuta hazina uchawi. Zina programu, tuziite roboti, zinazotembea mtandaoni kutoka ukurasa mmoja hadi mwingine kwa kufuata viungo, zikisoma na kuweka kumbukumbu. Mwaka 1994, wavuti ikiwa bado changa, seva zilikuwa dhaifu na roboti moja yenye pupa iliweza kuizidi nguvu seva nzima. Martijn Koster, aliyekuwa akifanya kazi katika kampuni ya Nexor huko Uingereza, akapendekeza utaratibu rahisi: kila tovuti iweke faili moja ya maandishi matupu, mahali pamoja panapojulikana, na kila roboti iisome kabla ya kuingia. Wenye roboti wakakubaliana. Hakukuwa na sheria wala saini. Utaratibu huo ulitumika kwa miaka 28 kwa makubaliano tu, hadi Septemba 2022 ulipochapishwa rasmi kama kanuni ya intaneti, yenye nambari RFC 9309.

Mimi hupenda kuieleza hivi: robots.txt ni hodi. Mgeni mwenye adabu hupiga hodi, husikiliza, na akiambiwa "ngoja nje" hungoja. Mwizi hapigi hodi. Kanuni yenyewe inasema wazi kwamba maelekezo haya si kufuli wala si njia ya kumruhusu au kumzuia mtu kwa nguvu. Ni maombi.

Hapa ndipo watu wengi wanapokosea. Nimeona tovuti za ofisi zilizoandika kitu kama hiki:

Disallow: /mishahara/
Disallow: /nakala-za-siri/

Jamani! Faili hii husomwa na kila mtu duniani. Umetaka kuficha sanduku, halafu ukabandika karatasi mlangoni ukieleza sanduku liko chumba gani. Cha siri kiwekee nenosiri, na maelezo yake yasionekane kwenye robots.txt hata kidogo.

Kosa la pili: kudhani kwamba ukiufunga ukurasa kwa robots.txt hautaonekana kwenye matokeo ya utafutaji. Unaweza kuonekana bado, kama tovuti nyingine zimeweka kiungo cha kuuelekea, ila utaonekana bila maelezo, kama kurasa za Mwalimu. Ukitaka usionekane kabisa, weka alama ya noindex ndani ya ukurasa wenyewe, na uuache wazi ili roboti iweze kuingia na kuisoma alama hiyo. Ukiufunga, haitaiona. Wengine walikuwa wakiandika noindex ndani ya robots.txt, Google iliacha kuitambua tangu tarehe 1 Septemba 2019.

La tatu ni la mafundi. Roboti ikiomba robots.txt na kuambiwa haipo, yaani 404, inaruhusiwa kuingia kokote. Lakini seva ikijibu kwa makosa ya 500 na kuendelea, yaani imeanguka, kanuni ya 2022 inaitaka roboti ichukulie kwamba tovuti nzima imefungwa. Kwa hiyo seva mbovu inaweza kukufungia mlango hata kama faili yako haina neno baya ndani yake.

Sasa turudi kwa Mwalimu. Baada ya kurekebisha, wageni walianza kurudi polepole. Baada ya siku kumi hivi nikampigia kwa furaha. "Mwalimu, wameanza kurudi!"

"Naona," akasema. "Lakini mbona nafasi za matangazo ni nyeupe?"

Nikaangalia. Kweli, nyeupe pe. Wiki zile za ukame angalau matangazo machache yalikuwa yakionekana kwa wageni wachache. Sasa wageni wapo, matangazo hakuna hata moja. Pesa zimefika sifuri.

Nikaandika mwishoni mwa anwani: /ads.txt. Nikaisoma, nikashika kichwa.

Mimi nina kiunzi changu, yaani folda ya faili ninazoanzia kila kazi mpya ili nisirudie mambo. Ndani ya kiunzi hicho kulikuwa na ads.txt ya mteja wangu mwingine, kutoka kazi ya zamani. Ilikuwa na mstari mmoja, na nambari ya akaunti kwenye mstari huo haikuwa ya Mwalimu. Kwa lugha ya mashamba, nilikuwa nimeandika hati ya shamba la Mwalimu kwa jina la mtu mwingine.

Na kwa nini matangazo hayakukatika mapema? Nadhani umeshapata jibu. Roboti zinazosoma ads.txt nazo hupiga hodi. Robots.txt ikifunga tovuti yote, imeifunga na ads.txt pia, na faili hiyo inaweza kupuuzwa kana kwamba haipo. Wiki zile tano kosa langu la kwanza lilikuwa limelificha kosa la pili. Nilipofungua mlango, roboti ya matangazo iliingia, ikaisoma hati yenye jina la mtu mwingine, ikaiheshimu kama inavyopaswa. Mashine ilifanya kazi vizuri kabisa. Mkosaji ni mimi.

Kwa nini kuna ads.txt?

Wewe uliyekulia Kenya au Tanzania hutahitaji maelezo marefu. Umewahi kupita mahali ukaona ukutani maandishi makubwa ya rangi nyekundu: NYUMBA HII HAIUZWI, au SHAMBA HILI HALIUZWI. Mgeni kutoka nchi nyingine angeshangaa: kwa nini mtu atangaze kwamba hauzi? Sisi tunajua. Kuna madalali wanaouza mali isiyo yao. Wanamleta mnunuzi, wanamwonyesha, wanachukua pesa na kupotea. Mwenye nyumba hana habari, mnunuzi amelia.

Soko la matangazo mtandaoni lilikuwa na madalali wa namna hiyo hiyo. Siku hizi nafasi nyingi za matangazo huuzwa kwa mnada unaoendeshwa na kompyuta, katika muda mfupi kuliko kupepesa jicho. Mnunuzi haoni ukurasa, anaambiwa tu, "nafasi hii ni ya tovuti fulani." Basi walaghai wakawa wanataja majina ya tovuti kubwa huku nafasi yenyewe iko kwenye tovuti ya takataka, au haipo kabisa na anayeitazama ni roboti. Mwaka 2017 gazeti la Financial Times la Uingereza lilichunguza na kukuta nafasi za uongo zikiuzwa kwa jina lake kwenye masoko mengi ya matangazo, na likakadiria thamani ya ulaghai huo kuwa pauni milioni 1 kwa mwezi. Kabla ya hapo, Desemba 2016, kampuni ya usalama ya White Ops ilikuwa imefichua mtandao uliopewa jina Methbot, ambao uliiga maelfu ya tovuti na kutumia roboti kujifanya watazamaji. Mmoja wa wakuu wake, Aleksandr Zhukov, alihukumiwa nchini Marekani mwaka 2021 kifungo cha miaka 10.

Dawa iliyotolewa mwaka 2017 na IAB Tech Lab, chombo kinachoweka viwango vya teknolojia ya matangazo, ilikuwa ni ule ule ukuta wetu wenye rangi nyekundu. Kila mwenye tovuti aweke faili ya maandishi matupu inayotaja nani anaruhusiwa kuuza nafasi zake. Mnunuzi akiambiwa "hii ni ya fulani," aende kwenye tovuti ya fulani, asome, ahakikishe. Mlaghai anaweza kulidanganya soko, lakini hawezi kuandika kwenye ukuta wa nyumba yako bila kuvunja.

Mstari wake una vipande vitatu au vinne vinavyotenganishwa kwa mkato:

google.com, pub-0000000000000000, DIRECT, f08c47fec0942fa0

Cha kwanza ni mfumo wa matangazo. Cha pili ni nambari ya akaunti. Hapa nimeweka sifuri; wewe utaweka yako. Cha tatu ni DIRECT, maana yake akaunti ni ya mwenye tovuti mwenyewe, au RESELLER, maana yake umemruhusu dalali akuuzie. Cha nne, ambacho si lazima, ni kitambulisho cha mfumo huo kwa mamlaka ya uthibitisho. Toleo la 1.1 la mwaka 2022 liliongeza mstari wa OWNERDOMAIN, unaotaja anwani ya anayemiliki biashara. Wenye programu za simu wana yao, app-ads.txt, tangu 2019.

Hesabu ya mambo ni hii. Usipokuwa na ads.txt kabisa, hujatangaza chochote: matangazo yanaweza kuendelea, ingawa baadhi ya wanunuzi watakukwepa na walaghai watakuwa huru kutumia jina lako. Ukiwa nayo na akaunti yako haimo, umejifungia nje ya nyumba yako mwenyewe. Ndiyo yaliyompata Mwalimu. Na ukishasahihisha, usitarajie pesa kesho: inaweza kuchukua siku kadhaa kabla mabadiliko hayajaonekana, na kwa tovuti yenye wageni wachache inaweza kufika mwezi mzima.

Jambo la kusikitisha zaidi ni hili. Akaunti ya matangazo ya Mwalimu ilikuwa ikimwonya juu ya ukurasa, kwa Kiingereza, kwamba mapato yake yako hatarini kwa sababu ya ads.txt. Alikuwa ameuona ujumbe huo. "Nilidhani nao ni tangazo," akaniambia.

Maoni yangu sasa

Nimeeleza haya yote ili nifike hapa. Sisi mafundi tumezoea kuziita faili hizi "mambo ya nyuma ya pazia." Hatumwonyeshi mwenye tovuti, hatumwelezi, tunaweka tunachokijua na kuondoka. Nasema hiyo ni tabia mbaya, na mimi nilikuwa nayo. Moja ya faili hizi inaamua nani aingie nyumbani. Nyingine inaamua nani auze mali. Hakuna mzee yeyote ninayemfahamu ambaye angemwachia fundi wa kupaka rangi aamue mambo mawili hayo bila kuulizwa.

Kwa hiyo mwenye tovuti lazima ajue kilichomo. Si vigumu. Ni maandishi matupu, hakuna programu ya kununua. Fungua kivinjari, andika anwani yako, ongeza /robots.txt, soma. Kisha /ads.txt, soma. Linganisha nambari ya akaunti na ile iliyo kwenye akaunti yako, tarakimu kwa tarakimu. Ukiona Disallow: / yenye mkwaju mtupu chini ya User-agent: *, mpigie fundi wako simu leo, usingoje kesho. Lakini angalia vizuri: Disallow: bila mkwaju maana yake ni kinyume kabisa, hakuna kilichofungwa. Herufi moja tu inatenganisha duka lililo wazi na duka lililofungwa.

Maoni yangu ya pili yatawaudhi wengine. Zikatae orodha ndefu za madalali. Tulipokuwa bado tunahangaika na nafasi nyeupe, Mwalimu alipata barua pepe kutoka kwa kampuni fulani ikimwahidi mapato zaidi kama ataongeza mistari waliyomtumia kwenye ads.txt. Akanitumia na neno moja: "Weka." Nikahesabu mistari hiyo; ilizidi 300, karibu yote RESELLER, na hakuna hata jina moja tulilolifahamu. Maana yake ni kuwapa madalali zaidi ya 300 karatasi yenye saini yako inayosema "huyu anaruhusiwa kuniuzia." Mmoja wao akiwa mwongo, ukuta wako ndio unaomtetea. Faili iliyobuniwa kuwazuia walaghai inageuzwa kuwa mlango wao. Nikampigia Mwalimu, nikamuuliza, "Shamba lako ungewaruhusu madalali wangapi?" Akacheka, akasema hata mmoja ni wengi. Faili yake leo ina mstari mmoja wa kuuza, na imetosha.

Sisemi kila dalali ni mwizi. Tovuti kubwa zina sababu za kuwa na mauzo mengi na zina watu wa kuyasimamia. Wewe mwenye tovuti ndogo, mstari usioweza kueleza kwa nini upo, ufute.

Na roboti za akili unde?

Swali hili Mwalimu aliniuliza mwenyewe, tukiwa tumekaa pamoja kuandika upya faili zake. Tangu 2023 kampuni zinazotengeneza mifumo ya akili unde zimekuwa zikitaja majina ya roboti zao ili wenye tovuti waweze kuzikataa. OpenAI ilitangaza GPTBot Agosti 2023. Mwezi uliofuata Google ikatoa jina Google-Extended, ambalo si roboti mpya bali ni neno la kukataa maandishi yako yasitumike kufunzia mifumo yao, bila kugusa nafasi yako kwenye utafutaji. Kuna ClaudeBot ya Anthropic, na CCBot ya Common Crawl, shirika lisilo la faida ambalo mkusanyo wake wa kurasa hutumiwa na watafiti na kampuni nyingi. Julai 2025 Cloudflare ilianza kuzizuia roboti za namna hii tangu mwanzo kwa tovuti mpya zinazojiunga nayo.

Mafundi wengi wa hapa wanachofanya ni kunakili orodha ya makatazo kutoka kwa fundi wa Marekani na kuibandika. Mimi sikubaliani na kunakili, upande wowote. Gazeti kubwa la Kiingereza lina hoja zake: linauza habari, na roboti inayochukua habari bila kuleta msomaji inalipunguzia riziki. Hoja hiyo inamgusa hata Mwalimu, maana roboti haitazami matangazo, na seva anailipia yeye. Lakini sisi tuna hoja nyingine ambayo wao hawana. Maandishi ya Kiswahili mtandaoni ni machache ukilinganisha na ya Kiingereza. Mifumo hii itaongea Kiswahili tutake tusitake. Tukifunga kila mlango wenye Kiswahili kizuri, itajifunza kutoka kwa tafsiri mbovu za mashine, kisha wajukuu wetu watajibiwa kwa Kiswahili hicho kibovu watakapouliza ugonjwa wa mihogo unatibiwa vipi.

Nikamweleza Mwalimu pande zote mbili nikanyamaza. Akafikiri kwa muda. Kisha akasema: "Makala ya kilimo waache wasome. Nimeandika ili yasomwe. Lakini insha za watoto hapana. Wale watoto hawakuulizwa."

Nikaandika hivi:

User-agent: GPTBot
User-agent: ClaudeBot
User-agent: CCBot
User-agent: Google-Extended
Disallow: /insha/

User-agent: *
Disallow: /majaribio/

Mafundi, angalieni: roboti ikikuta kundi lenye jina lake, hufuata kundi hilo peke yake na kuliacha lile la nyota. Kama unataka GPTBot isiingie pia /majaribio/, lazima urudie mstari huo juu. Wengi hulisahau hili. Na Mwalimu nilimweleza kwamba hii bado ni hodi. Roboti isiyo na adabu itapita, na ya namna hiyo huzuiwa kwenye seva yenyewe, si kwa maandishi.

Uamuzi wa Mwalimu huenda si uamuzi wako. Ninachopigania ni kwamba ulikuwa wake. Miaka yote hiyo mimi ndiye niliyekuwa nikiamua kwa niaba yake, na sikujua hata kama nilikuwa nikiamua.

Sasa nini?

Nimebadilisha mambo matatu katika kazi yangu. Kiunzi changu hakina tena ads.txt wala robots.txt, naziandika upya kwa kila mteja. Tovuti za majaribio nazifunga kwa nenosiri, maana nenosiri likihamishwa kwa bahati mbaya utalijua dakika ile ile, tofauti na mstari mmoja unaokaa kimya wiki tano. Na kila Jumatatu asubuhi programu ndogo inasoma faili hizi kwenye tovuti zote ninazozisimamia. Kama kuna herufi iliyobadilika, inanitumia ujumbe.

Mwalimu naye alinitaka nimpe nakala za faili zote mbili kwenye karatasi. Nikamwambia hazihitaji kuchapishwa, zipo mtandaoni saa zote. Akaniangalia kama alivyoniangalia kidato cha pili. Nikachapisha. Amezitia kwenye jalada moja na hati ya shamba lake.

Na nilimwambia ukweli. Ile simu ya kwanza haikuwa msimu wala haikuwa Google, ilikuwa mimi. Nilikuwa naogopa siku hiyo kuliko mtihani. Alinyamaza kidogo, akasema, "Siku nyingine ukiulizwa, kwanza nenda ukatazame." Basi.

Matangazo yamerudi. Wageni wamerudi karibu wote. Yule binti hajarudi. Dukani analipwa vizuri zaidi na kwa wakati, na siwezi kumlaumu. Bei za sokoni Mwalimu anazikusanya mwenyewe sasa, kila Jumanne, kwa miguu.

Haya, fungua kivinjari chako. Zitazame zote mbili leo. Tuonane tena Mungu akipenda.